Mifupa na Mifugo

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wazima, tunashukuru. Mama anakusalimu na anasema kwenye ile picha uliyotuma umekonda. Nimemwambia hujakonda, umesimama mbali na kamera tu. Wifi yako naye anakusalimu. Paja la Mama bado linamsumbua. Anatoka kitandani mpaka kitini, kitini mpaka chooni, basi. Vile vyuma alivyowekewa hospitali anasema anavisikia kukiwa na baridi.

Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu Mama ametupiga marufuku simu. Amesema mpaka tujifunze kuongea kama watoto waliotoka tumbo moja. Siku ile tulipogombana yeye akae wapi, alisikia kila neno lako. Ukiwa wewe ndiye unayeongea, simu yangu haihitaji spika.

Haya. Mzigo wako umefika. Kondakta wa basi kanipigia akasema, "Fundi, njoo uchukue boksi lako, linalia." Mimi nilikuwa nategemea kile kitambaa cha kochi nilichokuomba. Nafungua, nakuta mbwa! Mbwa gani huyu, dada? Anaingia kwenye kiatu changu na nafasi inabaki. Karatasi uliyobandika inasema eti Mama atapata sababu ya kunyanyuka. Hukuniuliza. Wewe huulizi, wewe unatuma.

Mimi ni fundi makochi. Chumba cha mbele chote ni sponji, gundi, spring na misumari midogo. Siku ya kwanza alikula sponji. Siku ya pili akameza kifungo cha kochi la mteja, tukakaa kumsubiri kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Kilitoka salama, na tangu hapo jina lake ni Kifungo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Hilo nakubali, sikumsikia akicheka hivyo tangu aanguke bafuni.

Niambie anakula nini, maana wifi yako amesema hapiki vyungu viwili.

Mdogo wako,
Fundi

16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi sijambo, mgongo tu, nasimama siku nzima kwenye chumba cha eksrei nikiwaambia watu "vuta pumzi, usitikisike", na wao wanatikisika. Sijakonda. Mwambie Mama nakula.

Sasa nisikilize, na safari hii usisome huku unagonga misumari. Kifungo si mbwa wa mabaki ya mezani. Mbwa wa umbo lake akikua hazidi kilo nne, na wadogo wa umbo wanakua mbio mbio. Kabla hajafikisha mwaka mifupa yake itakuwa imeshafunga. Kitakachoingia sasa ndicho kitakachojenga miguu yake yote. Akila nyama tupu, mifupa inakuwa laini. Akinenepa, magoti yanabeba mzigo ambao hayakuumbiwa. Nimemuuliza aliyeniuzia, nimesoma, kwa hiyo usiniletee habari za "mbwa wa jirani anakula chochote". Mnunulie chakula cha watoto wa mbwa wa umbo dogo, punje ndogo ndogo, kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Usichanganye na mchuzi. Na asiruke kutoka kwenye makochi! Mikono yake ni kama njiti.

Mama anameza vidonge vyake vya mifupa? Asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Paja la mtu wa umri wake haliungi kwa maombi peke yake. Nataka kufikia katikati ya mwaka awe anapanda ngazi, nije nimchukue. Hilo tulishaongea.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, nilikuwa na oda ya viti vya ukumbi mzima na mwenye ukumbi anapiga simu kila akipumua. Mama anakusalimu. Wifi yako amepata mafua, amepona, sasa ninayo mimi.

Nilikwenda dukani nikaomba chakula cha mbwa mdogo. Muuzaji akaniuliza, "Mdogo wa umri au mdogo wa umbo?" Nikamwambia vyote viwili. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni mtoto wa mbwa mdogo, au mbwa mdogo mtoto?" Dada, tulisimama pale mpaka foleni ikaanza kutoa maoni. Mwishoni nikamwonyesha kwa mkono. Nimepata hicho unachotaka, punje ndogo ndogo, na nampimia mwenyewe kwa kikombe.

Lakini ananenepa. Usianze, sisi hatumpi kitu. Amekuwa kama mto wa kochi uliojazwa na mwanafunzi, huku bonge, huku bonge. Anakunywa maji kama gari bovu, na juzi alitapika mara mbili. Pia ameanza mtindo mpya wa kutembea: anakwenda vizuri, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka na mitatu, halafu anaushusha kama hakuna kilichotokea.

Vidonge vya Mama vinaisha vizuri. Chupa nimeiangalia mwenyewe, nimeshanunua ya pili. Anakula pia, sahani inarudi jikoni nyeupe. Ila nguvu sioni zikirudi. Mguu bado unauma, bado anashika ukuta.

Lile jingine la kumchukua, sina la kusema.

Fundi

5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na mafua. Huku mvua tu, lifti ya jengo letu imekufa tena, nimepanda ghorofa nne na mfuko wa vitunguu. Msalimie wifi.

Hivi wewe unaniona mtoto? Mbwa hanenepi kwa hewa. Kuna mtu humo ndani anampa chakula. Kama ni wewe, acha. Kama ni wateja wako, waambie waache. Kama ni wifi, mwambie kwa upole. Huko kukunja mguu ni goti linateleza, kile kifuniko chake kinatoka kwenye njia yake kisha kinarudi. Nilikuambia uzito! Nilikuambia makochi! Naongea peke yangu kama redio.

Na sahani kurudi nyeupe halafu nguvu hazirudi, hesabu gani hiyo? Sipendi. Mguu unauma miezi yote hii na wewe unaniandikia habari za foleni ya dukani. Mpeleke kwa daktari wa mifupa. Usingoje wiki ijayo, usingoje umalize viti vya watu. Apigwe picha, wamuone vizuri, wakuulize maswali na uyajibu kwa ukweli. Kisha niandikie kila walichosema, usinifupishie.

Dada yako

28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku wazima kiasi. Nimefanya kama ulivyoagiza, na safari hii huwezi kunilaumu. Nimeacha viti vya watu, nimempeleka kwa daktari wa mifugo.

Kifungo alijua njiani kwamba tunakwenda mahali pabaya, akanikojolea shati. Daktari ni kijana mwembamba, anamsalimia mbwa kwanza ndipo anakusalimia wewe. Alimpima uzito, akaguna. Akamnyoosha mguu, akaguna tena. Picha ikapigwa, akaiweka kwenye mwanga. Goti linateleza kama ulivyosema. Huenda amezaliwa na tatizo hilo, ila uzito umelizidisha. Hilo halikumshtua. Kilichomshtua ni mifupa yenyewe, na majibu ya damu. Akaniuliza anakula nini, nikamwambia. Akasema, "Chakula hiki ni kizuri, kina kila kitu. Nani anamwongezea kalsiamu?" Nikasema hakuna. Akasema, "Mzee wangu, damu haisemi uongo. Mtoto wa mbwa tumbo lake halijui kukataa kalsiamu. Ikija nyingi inaingia, mifupa inajengwa ovyo ovyo. Na kama vidonge vina vitamini D, figo nazo ziko hatarini. Nyumbani kuna mtu anameza vidonge vya mifupa?"

Nilirudi nyumbani. Sikuuliza mtu. Jioni wifi yako akampelekea Mama chakula, nami nikasimama mlangoni na roli la kitambaa begani, kama ninayepita. Mama akachukua kipande cha nyama, akakipasua kwa kidole, akaingiza kidonge, akakifunga vizuri. Akainama. Kifungo alishajua, alikuwa amekaa wima anasubiri. Kisha akampa na nyama nyingine, na nyingine. Yeye mwenyewe alikula vijiko vitatu.

Nikasema, "Mama!" Hakushtuka hata kidogo. Akaniambia, "Huyu mifupa yake ndiyo inaanza. Yangu ya nini?"

Niligomba, dada. Niligomba na Mama, Mungu anisamehe. Nikamuuliza kwa nini hasa, nikataka sababu ya kweli. Amenipa. Sikuandikii alichosema.

Figo za Kifungo zimenusurika. Daktari amesema tumewahi.

Fundi

9 Mei

Wewe!

Sikusalimii. Salamu utazikuta mwishoni kama nitakuwa na pumzi.

Nani alikutuma kwa daktari wa MIFUGO? Niliandika MIFUPA! Mi-fu-PA! Mama ndiye nilisema apelekwe! Mama yetu, aliyetuzaa, mwenye paja lenye vyuma! Hivi mtu na akili zake anasoma "mpeleke akapigwe picha, mguu unauma" anamchukua mbwa, anamwacha mama yake kitini? Nimeisoma barua yako mapumzikoni, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, mwenzangu akaniuliza kama nipigwe picha na mimi.

Najua utasema mwandiko. Haya, mwandiko wangu mbaya, p yangu ina mkia kama g. Lakini kichwa kazi yake nini?

Na sasa nasikia miezi yote hii Mama hajameza kidonge hata kimoja. Chupa uliiangalia, eh? Uliiangalia chupa! Mdomo je? Mimi picha za mapaja yasiyounga naziona kila wiki. Nazipiga mwenyewe. Najua yule mtu akishuka kwenye meza yangu anarudi nyumbani kufanya nini: kulala. Analala mpaka mwisho. Mama asipounga sasa, hatatembea tena, unanielewa?

Mpeleke. MAMA. Kwa daktari wa MIFUPA. Nimeandika kwa herufi za kitoto, soma.

Na alisema nini? Usinifiche. Mimi ndiye mkubwa.

Salamu kwa wifi. Na huyo daktari wa mbwa mshukuru, kwa kweli.

Dada yako

14 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeelewa mifupa, nimeelewa Mama, sasa shusha pumzi. Ila kwa haki yangu, uliandika habari za mbwa barua nzima, kisha ukaandika "mpeleke". Nitajuaje? Mbwa anachechemea, Mama anachechemea, wote wanaumwa mguu! Na ningempeleka Mama siku ile, daktari wake angesema ongeza vidonge, na Kifungo angekula mara mbili. Fikiria hilo kabla hujanitukana tena.

Nimempeleka. Nilikodi gari lenye kiti cha kulala, wifi yako akashika mguu njia nzima. Picha imeonyesha mfupa umeunga kidogo tu, pembeni. Daktari ametoa miezi miwili. Ameze vidonge, ale nyama yake mwenyewe, atembee kila siku. Isipounga, ni kumfungua upya, na kwa umri wake daktari hataki hata kulizungumzia. Alituambia wote watatu, Mama akiwa amekaa pale pale. Mama akamwambia, "Asante mwanangu," kama amepewa chai.

Tumerudi. Nikaweka kidonge mkononi mwake. Amekiweka mezani. Nimebembeleza, nimenuna, nimemfungia Kifungo nje mpaka akalia majirani wakaja. Wifi yako amemsagia kwenye uji, Mama akauonja akasema uji una chokaa. Mtu mzima utamfunguaje kinywa?

Basi nitakuandikia alichosema, kwa sababu nimeshindwa. Alisema hivi: "Siku ile kwenye simu nilimsikia dada yako. Nikiweza kupanda ngazi anakuja kunichukua. Mguu huu mbovu ndio unaonibakiza nyumbani kwangu. Niuponye ili iweje?"

Amekaa anajiharibu mwenyewe, dada, polepole, asubuhi na jioni, huku anacheka na mbwa. Sikukuandikia mwanzo kwa sababu ungesema nimemtia maneno. Sikumtia. Lakini na mimi sitaki aende. Nimezoea kumsikia akinikosoa kupitia dirisha la chumba cha mbele, "mstari umepinda huo". Nisingeweza kukwambia kwenye simu, ungenikata kabla sijafika katikati.

Kifungo amepungua. Goti linateleza mara moja moja tu.

Fundi

11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Usiniulize kama nimelia, kazi haikusimama.

Nina hasira na nyie wote wawili. Na wewe uliyekaa na neno hili wiki saba. Na Mama, ambaye angeweza kuniambia "sitaki" mimi nikagomba siku mbili yakaisha. Hapana, yeye ameona heri asitembee! Mimi ni mtu wa kutisha kiasi hicho? Usijibu.

Chumba nilishakipaka rangi. Nilinunua kitanda kifupi ili asipate taabu kushuka, nikafunga vyuma vya kushikilia bafuni, fundi akavifunga juu mno, nikagombana naye akarudia. Nilijiona nimemwandalia. Sikumuuliza hata siku moja kama anataka. Wewe ulishasema kwenye barua ya kwanza kwamba mimi siulizi, nikaona unanitafutia ugomvi.

Haya. Mstari unaofuata msomee kwa sauti, taratibu, usiongeze neno lako.

Mama, sikuchukui. Umenisikia? Ukipona unabaki kwako. Ukipanda ngazi, ukikimbia, ukicheza mpira, unabaki kwako. Nilitaka nikuone kila nikirudi kazini, ni hivyo tu, sikuwa na ubaya. Nakuomba umeze vidonge vyako. Vyako wewe.

Kama hatameza hata baada ya hapo, niandikie siku hiyo hiyo, nije mwenyewe nikae hapo chini ya kiti na huyo mbwa mpaka ameze.

Dada yako

30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Huku wote wazima, na safari hii sisemi "kiasi".

Nilimsomea kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akachukua barua yenyewe, akaitazama, akauliza hili neno ni nini, nikamwambia ni "unabaki". Akauliza una uhakika si neno jingine, maana mwandiko wa huyu unajulikana. Nikamwapia. Akasema, "Lete maji."

Kifungo akaja akakaa wima mbele yake kama kawaida, macho kwenye kidonge. Mama akamwambia, "Wewe nenda kale vyako," akameza. Tangu siku ile anameza asubuhi na jioni, na nyama anaila yote. Mbwa amenuna. Mimi nimechoka na wote wawili.

Jana tumechukua picha ya pili. Nimeiweka humu kwenye bahasha, uitazame mwenyewe, nimeikunja kidogo pembeni, usipige kelele. Daktari amesema mfupa umeunga. Hakusema umeanza, alisema umeunga. Kifungo naye amepimwa, kilo tatu na nusu, miguu yake ya mbele imepinda kidogo na itabaki hivyo, ila anakimbia, na goti halijahitaji kisu. Kila jioni wanatoka wote wawili mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, yeye anachechemea kushoto, Mama kulia, na kila mmoja anamngoja mwenzake.

Nilipokaa kuandika Mama akaja kusimama nyuma yangu, bila kushika ukuta. Ananiambia niandike maneno yake kama yalivyo, nisitengeneze. Haya, ni yake:

"Chumba ulichopaka rangi usimpe mtu. Nakuja kukaa wiki moja. Nitapanda ngazi za hizo ghorofa zako zote nne kwa miguu yangu, na nitashuka kwa miguu yangu."